Siku Niliyoitafsiri Filamu Isiyosema Kitu

Jamani, aibu yangu naijua na siifichi tena, kwa sababu hata nikiificha mtaisikia pale sokoni Matiliku kwa mtu yeyote anayeuza ndengu, na huyo atawaongezea chumvi mpaka mfikirie nilivua nguo mbele ya kanisa zima. Sikuvua nguo. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kijivu na tai niliyoazima kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe, halafu mcheke mkiwa na habari kamili.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, na zaidi ya ualimu nilikuwa mkalimani wa kanisa letu. Kazi hiyo mnaijua. Mhubiri anatoka Nairobi au ng'ambo, anasema sentensi yake kwa Kiingereza, ananyamaza, na wewe unaisema kwa Kikamba kabla watu hawajaanza kukohoa. Nilikuwa hodari, na uhodari wangu (hapa ndipo ugonjwa ulipoanzia) ulikuwa wa kuongeza. Mhubiri akisema Mungu ni mwema, mimi nasema Mungu ni mwema, ni mwema asubuhi ukikamua mbuzi, ni mwema jioni ukifunga zizi, ni mwema hata punda akigoma na mitungi mgongoni, na kina mama wanaitikia amina, na mhubiri anatabasamu akidhani ni yeye. Nilisifiwa hivyo miaka mitatu mpaka nikaanza kuuita mdomo wangu kipawa.

Sasa, kulikuwa na Mwende. Mwende alikuwa fundi wa cherehani, msichana wa maneno machache na macho yanayoona kila kitu, na tulikuwa tumekubaliana. Jumamosi ya wiki hiyo ninayowasimulia nilikuwa nipeleke kwao mbuzi watatu wa ntheo, na kwa sisi Wakamba bila hao mbuzi unaweza kukaa na mwanamke miaka thelathini, mkazaa watoto wa kutosha timu ya mpira, na bado si mke wako. Baba yake, Mzee Nzioka, alikuwa mzee wa kanisa, mwanajeshi wa zamani, mtu wa kutazama sana kabla ya kujibu. Alikuwa ameukubali huo mpango kwa shingo upande. Siku aliyonipa jibu aliniambia hivi: "Mwalimu, wewe unaongea vizuri. Shida yangu ni moja. Mtu akiongea sana, mimi sijui ukweli wake anauweka wapi." Nilicheka kidogo kwa heshima, nikadhani ni utani wa wakwe.

Wiki hiyo hiyo ndipo tamasha la filamu lilipotufikia. Lilikuwa la Nairobi, la watu wa balozi na wasomi, lakini mwaka huo waliamua filamu moja moja ziende mashambani wananchi nao wazione. Siku chache kabla wakatangulia kuja shuleni kwetu na Landrova: dada mmoja wa Nairobi aliyeitwa Wanjiru, mchangamfu, mwenye makaratasi mengi, na mwenye filamu mwenyewe, Mzungu mrefu mwembamba aliyejifunga skafu shingoni katika jua lile letu. Wanjiru akaeleza kwamba filamu hiyo ni ya nchi kavu, nchi ya ukame, na mwenye filamu alitaka sana ionwe na watu wa nchi kavu. Mwalimu mkuu akaninyooshea kidole, akasema mkalimani ndiye huyu.

Wanjiru akanipa karatasi ya tangazo. Maneno yalikuwa mengi na madogo, lakini juu yake kulikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani, amejitanda shuka, ana fimbo mkononi, nyuma yake kuna mlima mtupu na mbuzi mmoja. Maneno sikuyasoma. Niliisoma picha.

"Mwalimu," Wanjiru akasema, "wakiongea, maneno ya Kiingereza yatatokea hapo chini ya picha. Wewe utayasoma na kuwaambia watu kwa Kikamba. Tunaweza kukuonyesha sasa hivi, uizoee kwanza."

Nikasema hapana dada, msijisumbue, mimi nimezoea. Kama kuna saa katika maisha yangu ningeomba nirudishiwe, ni hiyo. Nilikataa kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumkimbilia Mzee Nzioka na ile karatasi.

Mzee Nzioka na sinema walikuwa maadui wa siku nyingi. Zamani gari la sinema lilikuwa linapita sokoni kutangaza sabuni, na katikati ya sabuni wanaonyesha watu wa farasi wakipigana risasi, na kifungua mimba wake alimaliza wiki nzima akipiga kuku risasi kwa kijiti badala ya kwenda kisimani. Tangu hapo mzee akasema sinema ni shule ya wezi. Basi nikamkuta zizini, nikamwonyesha picha.

"Mzee, hii si kama zile. Hii ni ya nabii."

Akaishika karatasi mbali na macho, akaitazama muda mrefu.

"Umeiona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee," nikasema. (Karatasi nilikuwa nimeiona. Ndivyo nilivyojitetea moyoni nikishuka mlima.)

"Ndevu zake ni za kweli," akasema. "Basi nitakuja. Na mama Mwende atakuja."

Hilo la mama Mwende lingenishtua kama ningekuwa na akili zangu zote. Kwetu mtu na mama mkwe wake wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya: humpi mkono, huli mbele yake, mkikutana njiani mmoja wenu anapita kwenye majani. Kanisani ni sawa, kina mama wana upande wao na macho yote yanatazama madhabahu. Nikajiambia filamu ya nabii ni kanisa tu, tofauti ni jenereta. Jumapili nikatangaza, tena kwa madoido, na mwalimu wa kwaya akasema kwaya itakuja na sare.

Jumatano saa tisa mchana ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye vizingiti. Madirisha yetu hayakuwa na vioo, kwa hiyo ili kupata giza kila boma lilikuwa limeambiwa lilete blanketi, na yakatundikwa moja moja: ya mistari, ya maua, yaliyotoboka, na la Mzee Nzioka la kijivu la jeshini likapewa dirisha kubwa la mbele. Joto la mle ndani sina haja ya kulieleza. Wazee walikaa mbele kulia, kina mama kushoto, mama Mwende benchi la tatu, Mwende kando yake, vijana nyuma, na mimi nimesimama pembeni ya kitambaa cheupe na maikrofoni, shati langu likiwaka, nikijiona mkwe kamili.

Picha ya kwanza ilikuwa mlima. Mlima mkavu, mawe, kichaka kimoja. Tukautazama. Ulikuwa mlima mzuri kwa kiasi chake, lakini milima ya namna hiyo kwetu ni ya bure, ukifungua mlango unaiona, na hapa watu walikuwa wamefunga madirisha kwa blanketi wasiuone mlima wa nje ili wauone wa ndani. Tukaendelea kuutazama. Mbuzi akaingia, akasimama, naye akautazama.

"Mwalimu," akaita Kasyoka, mwenye posho mill ya kusagia mahindi, mtu asiyejua kunong'ona, "hii kitu imekwama ama ni macho yangu?"

"Haijakwama," nikamjibu. "Si unaona mbuzi amesogeza sikio."

Halafu chini kabisa ya mlima kikatokea kitu kidogo kama mdudu, na kumbe ni yule mzee wa ndevu, anakuja. Akaja. Akawa anakuja. Mama mmoja akafungua kyondo, kikapu chake cha kusukwa, akaanza kuchagua mawe kwenye ndengu gizani kwa vidole, na nawaambia nilisikia karibu kibaba kizima kikichaguliwa kabla yule mzee hajatufikia. Alipotufikia, akatutazama, akageuka, akaanza kurudi alikotoka. Ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa pamoja.

Ndipo kwa mara ya kwanza maandishi yakatokea chini ya picha. Watu wakaketi sawa. Nikasogeza maikrofoni.

"Amesema," nikatangaza, "upepo."

Wakangoja.

"Upepo umefanya nini?" akauliza Kasyoka.

"Amesema upepo tu."

Mzee Nzioka akageuza kichwa polepole, akanitazama. Kwa mwanga wa picha niliuona uso wake, uso wa mtu aliyeacha punda wake bila maji kwa ajili ya neno moja, na nikashikwa na hofu ya kweli, maana niliiona Jumamosi yangu ikiondoka na wale mbuzi watatu nyuma yake. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimevunjika moyo vibaya. Nilikuwa nimetarajia bahari ipasuke, moto ushuke, wafalme wabaya waanguke kwenye viti vyao. Mtu hawezi kuivisha sare kwaya nzima kwa ajili ya upepo.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Huyu mtumishi wa Mungu anasema, upepo wa Bwana utavuma juu ya nchi iliyokauka, na nyumba iliyosahauliwa itakumbukwa."

"Amina," wakasema kina mama.

Ah, ile amina. Mnajua mtu mwenye kiu akipewa kikombe cha kwanza. Kuanzia hapo sikusubiri maandishi tena. Yule mzee akakaa juu ya jiwe, nikasema anaomba. Akakaa sana, nikasema anaomba kwa bidii. Akatoa kitunguu na kisu, nikasema anatoa sadaka, na alipokila kile kitunguu nikasema sadaka imepokelewa. Akalala chini ya ukuta wa nyumba ya mawe, nikasema anaonyeshwa maono, na kwa kuwa alilala muda mrefu sana ikanibidi niyaeleze hayo maono yote, ng'ombe wanane wekundu wakipanda kutoka mto wa mchanga na kila mmoja na kazi yake. Kwaya ikaanza kuimba chini kwa chini. Mama mmoja akalia. Nyuma kabisa, kando ya projekta, nilimwona mwenye filamu ameweka mkono kifuani na macho yake yamejaa machozi, maana Kikamba hakujua hata neno, wala Wanjiru hakujua, na wao walichosikia ni watu wa nchi kavu wakiguswa. (Wanjiru aliniambia baadaye kwamba huko kwingine kote watu walilala au walitoka mmoja mmoja.)

Mtu mmoja tu hakusema amina.

"Mwalimu," Mzee Nzioka akaita, bila kupandisha sauti. "Huyu nabii ni yupi?"

"Ni katika wale manabii wadogo, mzee."

"Wadogo ni kumi na wawili. Nimewasoma wote. Yupi?"

"Atatajwa huko mbele, mzee."

Huko mbele yule nabii akatoa chupa kwenye shuka, akapiga funda. Nikasema ni dawa ya kifua. Akapiga la pili na la tatu, akapangusa ndevu. Nikasema kifua kilikuwa kimembana sana. Jasho lilikuwa linanishuka mgongoni, na sijui ningefika wapi kama mlango wa ile nyumba ya mawe haungefunguka na mwanamke akatoka, mtu wa makamo, kitambaa kichwani, amebeba karai la maji. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, hiyo nakumbuka. Nikasema huyu ni mjane mcha Mungu. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka karai chini. Na mimi, badala ya kungoja nione, nikaitangulia filamu. Nikawaambia watu watulie, watazame vizuri, hasa kina mama watazame, kwa sababu sasa mjane huyu mnyenyekevu ataosha miguu ya nabii.

Yule mwanamke akavua viatu, akapandisha sketi, akaanza kuosha miguu yake mwenyewe.

Filamu nyingine yoyote ingepita hapo upesi. Hata zile za sabuni zingeonyesha kidogo, povu likafunika, tukaendelea na maisha. Hii haikuwa na haraka. Picha ilisogea karibu mpaka ukumbi mzima ukawa na miguu miwili mikubwa, miguu mizuri ya mtu mzima, na maji yakimwagwa kikombe kwa kikombe, kutoka kwenye kifundo kupanda gotini, kutoka gotini kupanda tena, na kila alipomaliza mguu mmoja tukashukuru, akakumbuka kwamba ana mwingine. Ile alasiri yote watu walikuwa wamekohoa, wamesinzia, wamechagua ndengu. Sasa hakuna aliyepepesa jicho.

Benchi la tatu mama Mwende alivuta leso ikamfunika kichwa, akainama mpaka paji la uso likagusa benchi la mbele. Mnaelewa jambo lenyewe? Mimi, mwanamume niliyekuwa nipewe heshima ya kuitwa mkwe, nilikuwa chumba kimoja na mama huyo tukitazama mapaja, na ni mimi niliyemwambia kwa maikrofoni atazame vizuri. Nilitamani sakafu ya shule ifunguke. Ilikuwa ya saruji, mchango wa wazazi, haikufunguka.

"Mwalimu, tafsiri," vijana wakaita kutoka nyuma.

"Mjane anasema nini hapo?" akauliza Kasyoka.

Nikapoteza akili. Nilichofikiri, kama nilifikiri, ni kwamba nikikaa mbele ya kitambaa nitaziba ile picha, kwa hiyo niliruka katikati, nikatanua mikono, nikawageukia watu. Kwanza nilidhani nimefaulu. Halafu nikasikia kicheko kikianzia kwa vijana, kikapita kwa wazee, kikafika kwa kina mama ambao sikuwahi kuwasikia wakicheka hivyo, nikashusha macho, na ile miguu yote miwili ilikuwa juu ya shati langu jeupe. Goti moja lilikuwa mfuko wa kushoto. Maji yalikuwa yanashuka kwenye tai ya mwalimu mkuu. Nikasogea kulia, ikanifuata nusu. Nikashuka nikachuchumaa, ikanikaa usoni. Mama Mwende, masikini, aliposikia kicheko aliinua leso kidogo kuona kuna nini, akaniona mimi, akapiga kelele ndogo, akairudisha leso.

Mzee Nzioka akasimama. Alikwenda dirisha kubwa la mbele, akafungua kamba moja, akafungua ya pili, akalichukua blanketi lake na kulikunja vizuri mara nne kama walivyofunzwa jeshini. Jua la saa kumi likaingia lote, na ile miguu ikafutika. Watu walipoona mzee amechukua blanketi lake, na wao wakaona afadhali wachukue yao, na ndivyo ile filamu ilivyokwisha: dirisha moja, dirisha la pili, mpaka tukabaki tunatazamana kwenye mwanga, wenye jasho, na mimi nimechuchumaa mbele kama kuku anayetaga.

Mngedhani aibu imefika mwisho. Wanjiru, kwa kutaka kuokoa shughuli, akasema kwenye tamasha kuna desturi, baada ya filamu watazamaji humwambia mwenye filamu walivyoiona, basi kama kuna mtu mwenye neno, mwalimu atamtafsiria. Mzee Nzioka alikuwa bado amesimama na blanketi begani.

"Mimi nina neno," akasema. "Mwalimu, inuka. Mwambie mgeni haya nitakayosema. Usipunguze. Na usiongeze."

Nikainuka.

"Mwambie mlima wake nimeupenda."

Nikatafsiri. Mwenye filamu akatabasamu.

"Mwambie yule mzee wake namjua. Mwaka ule ng'ombe wetu walipokwisha, mimi nilikaa hivyo hivyo mlangoni miezi, natazama upande mvua inakotokea. Nilikula kitunguu vilevile, kwa sababu kitunguu ndicho kilichokuwepo. Na mtu akiulizwa hapo unangoja nini, hawezi kusema neno zaidi ya upepo. Mwambie sijawahi kuona mtu mwingine akijua hilo."

Nilitafsiri kila neno. Mwenye filamu aliondoa skafu yake taratibu, akaishika mikononi.

"Nilitaka kumtazama yule mzee kwa nafasi. Lakini kulikuwa na mtu anapiga kelele masikioni mwangu saa nzima. Mwambie."

Nikamwambia. Akaniuliza kwa Kiingereza, mtu gani? Nikamwambia, ni mimi.

"Kuhusu ile miguu," mzee akaendelea, "sina neno. Mtu akitoka shambani anaosha miguu. Neno langu ni kwamba niliitwa nije kuona nabii, na aliyeniita aliniambia ameiona. Mwambie mgeni kwamba kwa ajili hiyo Jumamosi mbuzi wasije."

Nilisimama pale na maikrofoni. Nilitazama benchi la tatu, Mwende alikuwa anatazama mikono yake. Ningeweza kusema lolote kwa Kiingereza, si wengi mle ndani wangejua, lakini nilikuwa nimechoka na mdomo wangu. Nikatafsiri kama ilivyo.

"Mbuzi gani?" akauliza mwenye filamu.

Basi ikanibidi nieleze, mimi mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa Kiingereza kisha tena kwa Kikamba kwa sababu Kasyoka alitaka kujua mgeni ameuliza nini, kwamba nilikuwa nioe, na kwamba sasa sioi. Hakuna aliyecheka hapo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, wangecheka ningepata pa kujificha.

Jioni nikirudi kuchukua baiskeli yangu niliwakuta Mzee Nzioka na yule Mzungu wamekaa kwenye baraza ya shule, hawana lugha hata moja ya kushirikiana, wanatazama mlima. Nilipita mbali.

Mwende alikaa wiki mbili bila kusema nami. Siku aliposema, alisema kidogo. "Mama hajaenda kanisani tangu siku ile. Baba hana hasira na wewe. Anasema anangoja aone kama unaweza kunyamaza."

"Atangoja mpaka lini?"

"Sijui. Yeye kungoja anajua."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani, nikawaambia watu kwamba ile filamu ilikuwa ya mzee anayengoja mvua, na mvua hainyeshi, na kwamba nabii, mjane, sadaka na ng'ombe wanane nilivitoa kichwani mwangu. Mama mmoja, yule aliyelia, akauliza hata ng'ombe? Nikasema hata ng'ombe mama. Akasikitika sana, alikuwa amewapenda wale ng'ombe.

Mbuzi walienda baada ya mavuno ya ndengu za msimu wa pili, na walikuwa wanne, maana wazee walikaa wakaamua kwamba mama Mwende ana wake peke yake, wa kuisafisha ile nthoni niliyoivunja. Nilipanga na wenzangu kwamba wao ndio watakaoongea. Tulifika asubuhi, na mazungumzo ya wazee mnayajua, wanaanzia kwa babu wa babu. Nilikaa kwenye kigoda changu masaa manne. Wakanikosea jina la ukoo, nikanyamaza. Mjomba wangu akanisifu kwa mambo ambayo sijawahi kufanya, na hapo ulimi uliwasha, lakini nikamwambia tu polepole kwamba hilo si kweli mjomba. Mwishoni Mzee Nzioka akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza.

"Sina, baba," nikasema.

Akanitazama muda mrefu, muda wa kuchagua kibaba kizima cha ndengu, halafu akamwita Mwende alete maji tunawe.

Ni miaka mingi sasa. Ile filamu, nikiulizwa ukweli wangu, bado nasema inachosha, na sitaki kuiona tena hata nikibembelezwa. Lakini niliweka nadhiri siku ile na nimeishika: sitafsiri kitu ambacho sijakiona mwenyewe mpaka mwisho, na mhubiri akinyamaza, nami nanyamaza. Watu wa kanisani wanalalamika kwamba siku hizi nimekuwa mkalimani mkavu, ibada hazina ladha. Wananiambia, Mwalimu, tia tia kidogo. Nawajibu hapana, mimi nina mke, na mke mwenyewe nusura nimkose.